Umeme Umekatikia Wapi? Somo la Taa za Breki Kutoka Upareni

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Same. Mjomba wangu ana gari la abiria, otomatiki, linalopanda kutoka Same mjini kupitia Mwembe hadi Mbaga, kisha linashuka na watu na mikungu ya ndizi. Wanaoijua njia ile wanajua kona zake, na wanajua kwamba asubuhi ukungu ukishuka, gari la mbele hulioni. Unaona taa zake tu.

Siku moja tukishuka, mjomba alikanyaga breki kwenye kona ili kumpisha mama aliyebeba majani ya ng'ombe. Gari la nyuma lilisimama likiwa limebakiza kama hatua mbili litugonge. Dereva wake akashuka amefura. "Mzee, unasimamaje bila taa?" Alikuwa na haki. Taa za breki hazikuwaka hata moja, na sisi tulikuwa na abiria saba.

Mjomba aliishiwa maneno, maana mwezi ule alikuwa ameshabadilisha globu mara mbili. Fundi wa kwanza aliona taa haiwaki, akauza globu. Wa pili naye hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza umeme umekatikia wapi.

Saketi yenyewe ni fupi. Umeme unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unafika kwenye swichi iliyo juu ya pedeli ya breki, unakwenda nyuma kwenye globu, halafu unarudi betri kupitia bodi ya gari. Pedeli ikiwa juu, inabana kichwa kidogo cha swichi na umeme unakatika. Ukikanyaga, kile kichwa kinachomoka, umeme unapita, taa zinawaka. Basi.

Kabla ya kushika chombo chochote, tulianza na maswali.

Swali la kwanza: zimezimika zote au moja? Ikizimika moja tu, shuku globu au soketi yake. Zikizimika zote kwa pamoja, tafuta mahali zinapochangia: fyuzi, swichi, au waya kabla haujagawanyika. Globu zote kuungua siku moja ni nadra sana.

Swali la pili: taa ndogo za nyuma zinawaka? Zetu ziliwaka. Kwenye gari letu, globu moja ina nyuzi mbili ndani, wati 5 za taa ndogo na wati 21 za breki, na zote zinarudi kwa njia moja ya bodi. Kwa hiyo njia ya kurudi ilikuwa nzima.

Swali la tatu ndilo lililonifungua macho. Nilimuuliza, "Mjomba, gari lina tatizo lingine lolote?" Akajibu, "Gia tu. Haitoki P mpaka nibonyeze kale katundu kwa kalamu." Yeye alidhani ni ugonjwa mwingine kabisa. Kumbe otomatiki nyingi hazikuruhusu utoe gia P mpaka zipate taarifa kwamba umekanyaga breki, na taarifa hiyo inatoka kwenye swichi ile ile. Dalili mbili, chanzo kimoja. Na chanzo hicho hakiwezi kuwa globu.

Hapo ndo tukachukua testa, yaani globu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Tukaweka mawe kwenye tairi, tukaunga waya mmoja kwenye bodi na kupima kwa waya wa pili.

1. Fyuzi. Gusa pande zote mbili. Testa ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Yetu ilikuwa nzima. Hesabu yake: wati 21 gawanya kwa volti 12 ni ampea 1.75. Globu mbili ni ampea 3.5. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika, kuna nyaya zimegusana mahali. Usifunge karatasi ya sigara badala yake, utaunguza gari.

2. Waya unaoingia kwenye swichi. Testa iliwaka bila kukanyaga pedeli. Sawa.

3. Waya unaotoka. Hapa testa inatakiwa kuwaka ukikanyaga tu. Mjomba alikanyaga, giza.

4. Uhakika. Nilichomoa soketi ya swichi nikaunganisha zile nyaya mbili kwa kipande cha waya. Nyuma taa zikawaka zote. Kisha tukaitoa swichi na kuichezesha kwa mkono, maana wakati mwingine ni nzima ila imefungwa karibu mno na pedeli. Bado ilikuwa kimya. Imekufa.

Kama testa ingewaka kwenye hatua ya 3 na taa zisiwake, tungefuata waya wa kwenda nyuma, hasa unapopinda penye bawaba za mlango. Na kama taa zako zinawaka muda wote hadi betri inalala, angalia kile kipira cha kwenye pedeli kinachobana swichi. Mara nyingi kimesagika na kudondoka.

Swichi tuliipata Same mjini kwa bei ndogo kuliko zile globu. Taa zikarudi, na gia ikatoka P bila kalamu.

Ile swichi mbovu niliichukua. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliipeleka darasani, pamoja na testa na betri. Wanafunzi walikuwa wanaikariri kanuni ya Ohm vizuri tu, lakini nilipouliza taa hii haiwaki tuanzie wapi, wengi walisema, "Badilisha globu, mwalimu." Sikuwacheka. Na mimi ninapomsahihishia mwanafunzi aliyekosa, huwa namrudishia somo zima upya bila kumuuliza alipotea hatua ipi. Siku ile nilianza kuuliza.

Wewe mwenye gari, au unayepanda la mjomba: leo jioni simama nyuma, mwambie mtu akanyage breki. Ni dakika moja tu.