Kutibu Kiambaza Bila Kukichubua

Kama kwenu ni nyumba ya mawe ya zamani kama hizi zetu za Lamu, basi keti kitako nikupe somo nililolipata likizo iliyopita.

Kiambaza kinachotenga chumba cha Bibi na ukumbi ni cha mawe ya matumbawe na chokaa. Upande wa ndani kina zidaka, vile vishubaka vya nakshi walimowekea wazee vyombo vya kaure. Chini yake plasta ilikuwa imefura kama tumbo. Fundi wa kwanza akasema eti tubomoe yote tupige saruji. Bibi akakataa katakata. "Zidaka hizi nalizikuta, na nitaziacha," akasema. Akaitwa Mjomba.

Mjomba alinieleza kuwa ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu toka ardhini na kuutolea kwenye chokaa. Saruji ni ngumu, huuzuia. Unyevu na chumvi vikibaki nyuma yake, jiwe lenyewe huanza kulika.

Kwanza twaligonga kwa vifundo vya vidole. Palipo pazima hulia kavu, palipoachana na jiwe hulia kama ngoma. Hapo tukachora duara kwa makaa. Mimi, kwa pupa zangu, nikatwaa nyundo. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikaanguka pu! karibu na kidaka. Bibi hakusema neno, na hilo ndilo lililoniumiza.

Basi tukatoboa vitundu viwili vyembamba kwa keekee, kimoja chini na kimoja juu. Tukapitisha maji kwa bomba la sindano kuosha vumbi, maana chokaa haishiki penye vumbi. Kisha tukasukuma uji mwepesi wa chokaa iliyolowekwa na mchanga laini uliochekechwa (si wa pwani, una chumvi). Anza tundu la chini ili hewa itokee juu, tena kidogo kidogo: uji mwingi kwa mara moja huwa mzito, ukaisukuma plasta ikaanguka. Tukaegemeza ubao uliofungwa kitambaa, tukauzuia kwa mti. Angalieni macho jamani, chokaa huunguza.

Kile kipande changu hatukukitupa. Tulikilowesha, tukakipaka chokaa mgongoni, tukakirudisha pake.

Waliosoma kemia wanajua kwa nini tulingoja. Chokaa hugumu kwa kuvuta kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa kalisiamu kaboneti, na kazi hiyo huenda polepole. Ikikauka upesi hupasuka, kwa hivyo kila asubuhi kabla ya shule, na jioni nikirudi, nilitundika gunia bichi.

Mwishoni tukapaka chokaa nyembamba juu ya vitundu tu. Wageni hawaoni kitu. Bibi yeye huoneka akipapasa pale penye kipande changu, kisha hunitazama.