KUPANGA CHUMBA MJINI: GARANTI SI KODI YA MBELE



Wengi wenu mnatoka Nakivale, Kyangwali au Kyaka II kwenda kutafuta kazi Mbarara na Kampala, na jambo la kwanza huko ni chumba. Somo hili ni juu ya fedha unazotoa kabla ya kupewa ufunguo.

Kule Kongo tumezoea garanti. Sheria ya Kongo ya mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3, nayo hurudishwa unapohama kama hudaiwi kitu. Ukifika Kampala, wenye nyumba wengi nao watakudai miezi 3. Usidhani ni ile ile. Mara nyingi hiyo ni kodi ya mbele: inaisha kadiri unavyokaa, na mwezi wa nne unaanza kulipa tena. Haitarudi.

Garanti, ikiwapo, huwa juu ya hiyo. Mfano: chumba kimoja (wenyeji wanakiita muzigo, ingawa hakuna cha kubeba) ni shilingi 150,000 kwa mwezi, nawe umeombwa 600,000. Uliza: ngapi ni kodi, ngapi ni garanti? Akijibu 450,000 ni kodi ya miezi 3 na 150,000 ni garanti, ziandikwe mbalimbali kwenye risiti. Risiti yenye "600,000" peke yake haitakusaidia siku ya kuhama. Mwenye nyumba atasema zote zilikuwa kodi, nawe huna cha kuonyesha.

Sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka mkataba unaofika shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Hata chumba chako kikiwa cha bei ndogo, andikeni. Kama husomi Kiingereza, tafuta mtu unayemwamini akusomee kabla hujatia sahihi au kidole gumba. Mwenyekiti wa LC1 anafaa kuwa shahidi.

Kabla hujaingiza godoro, kagua chumba pamoja na mwenye nyumba. Kioo kilichopasuka, kitasa kibovu, ukuta wenye unyevu, vyote viandikwe, maana garanti hukatwa hapo.

Sheria hiyo hiyo hairuhusu kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, wala mpangaji kutolewa bila amri ya mahakama. Ukikuta mlango umefungwa kwa kufuli, usivunje. Nenda kwa LC1 na karatasi zako.