SOMO LA AFYA: Kwa nini maabara hujipima kabla ya kupima damu yako



Wengi wetu tumewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka cha tone la damu. Kwenye kipimo hicho kuna mstari wenye herufi C. Mstari huo usipotokea, mhudumu hukitupa na kuchukua kingine, hata kama mstari wa malaria umeonekana. Mstari wa C hauonyeshi malaria. Unaonyesha kwamba kipimo chenyewe kimefanya kazi.

Mashine inayopima sukari, au hali ya figo na ini, hutoa namba tu. Je, mtaalamu wa maabara anajuaje kwamba namba hiyo ni ya kweli? Hilo ndilo somo letu la leo.

Sampuli ya ukaguzi

Kabla ya kupima wagonjwa, mtaalamu huweka kwenye mashine sampuli maalumu isiyo ya mgonjwa yeyote. Hii huitwa sampuli ya ukaguzi. Kiwango chake kinajulikana kwa sababu imeshapimwa mara nyingi, kwa kawaida siku 20 au zaidi.

Hata mashine nzima haitoi namba ileile kila siku. Leo itasoma 5.4, kesho 5.6. Kwa hiyo tunahitaji kujua mambo mawili: wastani wa majibu yote, na kwa kawaida majibu hutawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani huo. Kiasi hicho cha kutawanyika tukiite "hatua".

Tuchukue mfano wa sukari. Wastani ni 5.5 na hatua moja ni 0.2.
- Hatua mbili kila upande: kati ya 5.1 na 5.9. Mashine ikiwa nzima, majibu kama 95 katika kila 100 huangukia humu.
- Hatua tatu kila upande: kati ya 4.9 na 6.1. Karibu majibu yote huangukia humu, ila kama 3 katika kila 1,000.

Mashine inasimamishwa lini?

Jumatatu mashine inasoma 5.6, Jumanne 5.4. Hakuna tatizo. Jumatano inasoma 6.0. Hilo ni onyo, lakini huenda limetokea kwa bahati tu. Alhamisi inasoma 6.0 tena. Hapo kazi inasimama. Kanuni zinazotumika sana ni hizi:
1. Jibu moja likivuka hatua tatu, simamisha.
2. Majibu mawili mfululizo yakivuka hatua mbili upande uleule, simamisha.
3. Majibu 10 mfululizo yakiwa upande mmoja wa wastani, simamisha, hata kama kila moja linaonekana zuri.

Mtaalamu hutafuta chanzo: pengine dawa za kupimia ziliharibika kwa joto umeme ulipokatika, au mashine inahitaji kurekebishwa.

Je, tofauti ya 5.5 na 6.0 ina uzito gani? Mtu ambaye hajala tangu usiku akiwa na sukari ya 7.0 au zaidi, huangaliwa kama ana kisukari. Mwenye 6.5 amepanda kidogo tu. Lakini mashine inayozidisha kwa kiasi hicho itamsomea kama 7.1. Anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Mashine ikipunguza, mgonjwa wa kweli atarudishwa nyumbani bila matibabu.

Njia hii ilitoka wapi?

Ilianzia viwandani. Mwaka 1924 mhandisi Walter Shewhart wa Marekani alibuni chati ya kukagua ubora wa vifaa vya simu. Mwaka 1950 Levey na Jennings waliileta katika maabara za hospitali. Kuanzia mwaka 1957 iliuzwa mashine ya Leonard Skeggs, iliyopima sampuli moja baada ya nyingine bila kushikwa mkono kila mara. Vipimo vikawa vingi, na kosa moja likaweza kuwagusa watu wengi kwa siku moja. Mwaka 1981 James Westgard na wenzake walitoa kanuni za kusoma chati, ambazo hata kompyuta inaweza kuzifuata.

Kompyuta haijui kila kitu

Kompyuta hukokotoa wastani, huchora chati na inaweza kuzuia majibu yasitoke. Lakini haijui kama ulikunywa chai ya sukari njiani, wala haijui kama chupa iliyoandikwa jina lako ina damu ya jirani yako. Hapo tunakuhitaji wewe:
- Ukiambiwa usile kabla ya kipimo, usile. Kama umekula, sema bila kuogopa.
- Taja dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji.
- Hakikisha jina na namba ya kadi yako vimeandikwa sawasawa kwenye chupa, mbele yako.
- Ukiambiwa usubiri au urudie kipimo, usikasirike wala usiondoke. Huenda mashine imekataa ukaguzi, na mtaalamu anakulinda usipewe jibu la uongo.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Mstari wa C una kazi gani?
2. Kwa nini jibu moja la 6.0 ni onyo tu, lakini mawili mfululizo yanasimamisha kazi?
3. Ni makosa gani ambayo kompyuta haiwezi kuyaona?