Kushuka: neno moja, maana nyingi

Watoto, kila siku mnasikia neno hili: shuka. Ni neno fupi, hata mtoto mdogo analijua. Lakini je, maana zake zote mnazijua? Tutazitafuta leo hapa kwetu Dilala, katika mji wa Kolwezi.

1. Kutoka juu kwenda chini. Hii ndiyo maana ya kwanza. Mtoto anashuka mwembeni. Mbuzi wanashuka kilimani. Maji nayo hushuka. Mto Lualaba unaanza juu, katika uwanda wa Katanga, kisha unakwenda kaskazini. Ukifika kwenye majabali ya Nzilo, unashuka kwa nguvu: kwa mwendo wa kilometa 72 hivi unashuka meta zaidi ya 400. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1950 watu walijenga mitambo ya umeme huko Nzilo na Nseke. Maji yakishuka huzungusha mitambo, nayo mitambo hutoa umeme. Maji yaliyotulia hayazungushi kitu.

2. Kutoka garini. Gari la moshi likisimama, wasafiri wanashuka. Maana yake, safari yao imekwisha. Mgeni akienda kukaa kwa mjomba wake, twasema: ameshukia kwa mjomba. Akitoa mizigo yake garini, twasema: anaishusha. Angalieni vizuri: shuka, shukia, shusha. Mwisho wa neno ukibadilika kidogo, kazi yake inabadilika pia.

3. Kwenda pwani. Nchi yetu ya Kolwezi iko juu, bahari iko chini. Basi anayekwenda baharini anashuka. Reli ya kutoka Katanga mpaka bandari ya Lobito, katika Angola, ilikamilika mwaka 1931. Kwa reli hiyo shaba iliyopandishwa toka shimoni ilishuka mpaka kwenye meli.

4. Kupungua. Homa ya mgonjwa inashuka. Bei ya unga inashuka. Bei haina miguu, wala haikai juu ya mti. Lakini twaihesabu kama kitu kinachopanda na kushuka. Bei ya unga ikishuka, mama anafurahi, kwa maana watoto watashiba bukari. Bei ya shaba ikishuka, mambo ni mengine. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeshuka sana duniani. Mwaka uleule vita vya Angola vikafunga njia ya Lobito. Nchi ikapata taabu kubwa, kwa sababu mali yake nyingi ilitoka katika shaba. Basi neno lilelile ni furaha kwa anayenunua, na huzuni kwa anayeuza.

Mkijifunza Kifaransa, kumbukeni jambo hili. Kushuka kilimani na kushuka garini ni descendre. Lakini bei ikishuka, watu husema zaidi baisser. Msitafsiri neno kwa neno. Tafuteni kwanza maana, ndipo mchague neno.

5. Kuingia shimoni. Mke wa mchimbaji akisema, «Mume wangu ameshuka,» majirani wote wanaelewa: yuko chini ya ardhi. Katika mgodi wa Kamoto wafanyakazi huchimba chini kabisa. Huvaa kofia ngumu na kuchukua taa. Hata hivyo, shimo si mahali pa mchezo. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya kati ya mgodi huo iliporomoka. Tena tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliwaangukia wachimbaji wa mkono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Walishuka asubuhi, hawakupanda tena.

Sheria ya migodi ya mwaka 2002 inasema kwamba karata ya kuchimba kwa mkono hupewa mtu mzima tu. Mtoto hana ruhusa. Labda rafiki atakuambia: «Twende tushuke, tutapata fedha upesi.» Hapo uliza maulizo matatu: Nani anashuka? Anashuka wapi? Atapanda namna gani? Maulizo hayo ndiyo yanayotuonyesha maana ya neno katika kitabu. Shimoni yanaweza kuokoa maisha. Kama hakuna jibu zuri, sema: «Mimi sishuki.» Kisha mwambie baba, mama au mwalimu.

Maneno ya kukumbuka
Uwanda: nchi pana iliyo sawasawa.
Jabali: jiwe kubwa sana.
Kuporomoka: kuanguka kwa ghafula, kama ukuta au udongo.
Karata: hati ya ruhusa.

Maulizo
1. Kwa nini mitambo ya umeme ilijengwa Nzilo?
2. Kuna tofauti gani kati ya kushuka, kushukia na kushusha?
3. Bei ikishuka, nani anafurahi? Nani anahuzunika? Kwa sababu gani?
4. Ni mambo gani mawili yaliyoleta taabu mwaka 1975?
5. Rafiki akikuita shimoni, utamwuliza nini? Utamwambia nani?

Kazi ya kuandika
Andika maneno matano yenye neno shuka, kila moja kwa maana yake. Halafu fanya vilevile kwa neno panda. Angalia: panda ina maana moja ambayo shuka haiwezi kuipinga. Mkulima anaijua. Ni ipi?