Njia ya Magurudumu Mawili

Kingi ni kijiji cha milima ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini. Nchi hiyo ina rutuba. Watu hulima viazi, maharagwe, mahindi na kabeji. Wengine hufuga ng'ombe. Lakini viazi havina miguu. Vikivunwa, lazima vishuke mpaka Sake, karibu na ziwa Kivu, na toka Sake mpaka Goma, mwendo wa kilometa 25 hivi. Visipofika sokoni vitaoza, na mkulima hatapata fedha za kununua chumvi, sabuni wala madaftari ya watoto.

Nani atavibeba? Mara nyingi ni mama. Hufunga mzigo mgongoni, hupitisha kamba kwenye paji la uso, kisha huinama na kwenda. Gari la mizigo haliwezi kufika kila kijiji, na mvua ikinyesha hukwama matopeni. Kwa hiyo katika nchi hii magurudumu mawili ni msaada mkubwa: kinga, ndiyo baisikeli, pikipiki, na chukudu.

CHUKUDU

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani. Hakina pedali wala mnyororo. Mafundi hukichonga kwa mti mgumu, kama mkaratusi, na kuyavika magurudumu mpira wa matairi ya zamani. Penye mteremko mwenye chukudu hupanda juu yake na kushuka. Penye tambarare huweka goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Penye mlima hushuka na kukokota. Chukudu kubwa hubeba kilo mia kadhaa. Watu wa Goma wanaiheshimu sana, hata katikati ya mji imesimamishwa sanamu ya mtu na chukudu yake.

Huko Ulaya pia baisikeli ilianza hivyo. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, bila pedali. Aliyekipanda alisukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja baadaye, na tairi la upepo la John Boyd Dunlop lilikuja mwaka 1888.

NJIA MBAYA HUUA

Tazameni sasa njia ya kijiji ambayo hakuna aliyeitengeneza. Imechimbwa na nyayo za watu na kwato za ng'ombe. Inashuka moja kwa moja kutoka kileleni mpaka bondeni. Mvua ikinyesha, maji yanaifuata kama mto, yanachukua udongo na kuacha mawe na mashimo. Chukudu yenye magunia manne ikianza kukimbia hapo, nani ataisimamisha? Breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Mpira ukilowa, huteleza. Kwenye barabara kubwa kuna hatari nyingine: magari hupita kwa kasi, na mwenye baisikeli hana mahali pa kukimbilia.

Tena wafikirieni wagonjwa. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja mpaka matope yakauke. Vijana humchukua katika kipoyi mabegani, wakiteleza na kupokezana. Njia ikiwa nzuri, pikipiki au baisikeli itamfikisha kwa mganga mapema. Kwa hiyo njia nzuri huokoa watu, si viazi tu.

NAMNA YA KUTENGENEZA NJIA

Jambo la kwanza ni mteremko. Uso wa ziwa Kivu uko karibu meta 1460 juu ya bahari, na vilima vingi vya Masisi hupita meta 2000. Mtu akitoka kwenye kilima cha meta 2060 mpaka ziwani hushuka meta 600. Njia ikishuka meta 1 kwa kila meta 5 za mwendo, urefu wake ni meta 3000. Ni fupi, lakini ni hatari. Ikishuka meta 1 kwa kila meta 12, urefu wake ni meta 7200. Ni ndefu, lakini mtu huishuka salama, na huweza kupanda tena na mzigo. Kwa hiyo njia nzuri huzunguka mlima. Mwenda pole hajikwai.

Jambo la pili ni upana. Meta moja na nusu hutosha chombo kimoja. Kila baada ya mwendo kidogo pawe na mahali pana pa kupishana. Kwenye kona vichaka vikatwe, ili anayeshuka amwone anayepanda.

Jambo la tatu ni maji. Maji ndiyo adui mkubwa wa njia. Upande wa juu wa njia uchimbwe mfereji, na njia iinamie mfereji huo kidogo. Mahali kwa mahali maji yavushwe kwenda upande wa chini kwa kipito cha mawe, mbali na nyumba na mashamba. Kando ya njia yapandwe matete, kwa maana mizizi yake hushika udongo. Penye kijito, magogo ya daraja yalazwe karibu karibu, na mbao zipigiliwe juu yake kwa kukingama njia, gurudumu lisizame katikati.

Kazi hii hufanywa vizuri Juni, Julai na Agosti, mvua zinapopungua. Vifaa vyake ni jembe, panga, sululu na beleshi. Lakini tahadhari! Vita vimepita Masisi mara nyingi tangu mwaka 1993. Mchimbaji akiona bomu au chuma asichokijua, asiguse, asirushe jiwe. Aache kazi, awazuie wengine, na kuwaita wakubwa.

SHAMBA LA JIRANI

Kuna jambo gumu kuliko mawe. Njia ndefu hupita katika mashamba ya watu. Katika Masisi magomvi ya ardhi yamemwaga damu nyingi. Basi njia isianze kwa jembe. Ianze kwa mazungumzo. Shefu na wazee wa vijiji vyote viwili wakae pamoja na wenye mashamba. Watembee wote mahali pale, wapige mambo kwa vigingi. Mwenye kupoteza matuta ya maharagwe apewe shamba lingine au malipo, tena mbele ya mashahidi. Njia iliyopitishwa kwa nguvu itafungwa usiku kwa miiba. Njia iliyokubaliwa na wote italindwa na wote.

KUITUNZA

Njia haimalizwi siku moja. Kila baada ya mvua kubwa mifereji huziba. Kwa hiyo kila kijiji kipewe sehemu yake, na watu waitunze kwa kazi ya wote, ambayo katika Kongo huitwa salongo. Watoto pia wana kazi. Wanaweza kuokota mawe njiani, kuondoa majani katika mfereji, na kuwaambia wakubwa daraja linapooza. Wasicheze juu ya mteremko, na wasikiapo chukudu inakuja, wampishe mwenye mzigo.

Vijiji viwili visivyo na njia kati yao husikia habari za wenzao kwa uvumi tu. Vyenye njia hukutana sokoni, hupeana mbegu, huoleana na kuzikana.

MASWALI

1. Kwa nini viazi vya mlimani huoza?
2. Chukudu hutofautianaje na baisikeli?
3. Kilima kina meta 1760. Njia ikishuka meta 1 kwa kila meta 12 mpaka ziwani, urefu wake ni meta ngapi?
4. Taja njia tatu za kuyazuia maji yasiharibu njia.
5. Kwa nini mazungumzo hutangulia jembe?
6. Chora njia ya kutoka kwenu mpaka shuleni. Onyesha mahali pa hatari, na useme utatengenezaje.