Tandu si Jongoo

Umewahi kulima ukaona mdudu mwembamba kama uzi wa sweta, rangi yake manjano, miguu tele, akitoweka udongoni? Hapa kwetu Sugoi wengi wetu husema, "Jongoo huyo!" kisha jembe linamshukia. Hata mimi nilikuwa hivyo. Kumbe huyo ni tandu, tena tandu wa udongoni.

Kuwatofautisha si kazi. Jongoo wetu ni mviringo, na karibu kila pingili ya mwili wake ina jozi mbili za miguu. Hula majani yaliyooza na akiguswa hujikunja. Tandu ni bapa, kila pingili ina jozi moja tu, naye ni mwindaji. Chini ya kichwa ana kucha mbili za sumu, ambazo kwa kweli ni miguu yake ya kwanza iliyogeuka silaha. Huyu wa udongoni hana macho kabisa! Hupapasa gizani kwa papasi zake akitafuta minyoo na mabuu, huku akirefusha na kufupisha mwili kama mnyoo mwenyewe. Juani hakai, maana mwili wake hupoteza maji upesi.

Haya, sasa hesabu. Jina lake la Kilatini lina maana ya miguu mia. Lakini tandu wa udongoni huwa na jozi 27 hadi 191 kulingana na aina yake, na kwa kawaida idadi hiyo ya jozi haigawanyiki kwa mbili. Miguu mia ni jozi 50, na 50 yagawanyika. Basi mia kamili haipati ng'o! Nilimwokota mmoja aliyekufa nikamhesabu kwa sindano, nikapata jozi 53. Dada yangu alidhani nimerukwa na akili.

Mwezi wa Mei, wakati wa palizi ya mahindi, niliinua bonge la udongo karibu na lundo la mbolea. Chini yake alikuwa tandu amejiviringisha, na katikati yake mayai meupe madogo kama punje za wimbi. Tandu jike huyalinda mayai hivyo mpaka yaanguliwe, na watoto pia huwakumbatia kwa muda. Huyu wa udongoni huanguliwa na miguu yake yote, haiongezeki tena.

Mimi nikamchokoza kwa kijiti ili nimwonyeshe ndugu yangu mdogo. Nyanya aliyekuwa mstari wa pili akasema, "Wewe, mwache mama wa watu." Nikacheka, nikachokoza tena, ndipo nikarudisha bonge.

Baadaye nilisoma kwamba tandu akisumbuliwa anaweza kuyaacha mayai yake, hata kuyala. Lakini siku hiyo sikujua. Nilirudi kesho yake jioni, nikainua bonge lile polepole. Hapakuwa na mama wala yai hata moja.