Mwanafunzi Hodari na Vyuo Vyenye Nafasi Chache



Ndugu wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), katika ukurasa huu wa masomo tunapenda kuzungumza na nyinyi mliofika sekondari, na hasa wale ambao kila mwaka mnashika nafasi za mbele. Karibu kila mwaka hutujia kijana au binti na swali lile lile: "Ustadh, nitapata?" Mmoja anakusudia udaktari Muhimbili, mwingine anakusudia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Nasi tumezoea kujibu haraka haraka, "Utapata tu, insha'Allah."

Jibu hilo lilishamgharimu kijana wetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina. Alimaliza kidato cha sita kwa daraja la kwanza katika mchepuo wa PCB, na hapa Iguguno mwaka ule hapakuwa na aliyemfikia. Akaomba udaktari katika chuo kimoja tu, na fomu nyingine akaituma chuo cha nje. Sisi walimu wake ndio tuliomwambia kwamba kwa matokeo kama yale hana haja ya kuhangaika na vyuo vingine. Jina lake halikutoka. Awamu ya pili ya maombi ilipofunguliwa alikuwa shambani anasubiri habari za nje, na habari hazikuja. Mwaka mzima ukapotea. Kosa lilikuwa letu, na ndilo lililotufanya tuandike somo hili.

Tuanze na hesabu ya pointi, maana hapo wengi huchanganyikiwa, wazazi na hata baadhi ya walimu. Baraza la Mitihani (NECTA) linahesabu kidato cha sita hivi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5. Kwa hiyo pointi chache ndizo bora. Daraja la kwanza linaanzia pointi 3 hadi 9, na la pili ni 10 hadi 12. Lakini unapokwenda kuomba chuo, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inageuza hesabu: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Hapo pointi nyingi ndizo bora. Mwanafunzi mwenye A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia ana pointi 6 kwa NECTA, na kwa TCU ana 12 kati ya 15. Mzazi akisikia "pointi 12" na aulize kwanza ni pointi za nani, maana kwa NECTA hilo ni daraja la pili tena la mwishoni, na kwa TCU ni matokeo ya kufurahia.

Angalieni pia jinsi daraja la kwanza lilivyo nyumba yenye vyumba vingi. Mwenye A tatu yumo, na mwenye C tatu yumo vile vile. Kwa TCU wa kwanza ana 15, wa pili ana 9. Sote tunasema "ana division one", kumbe baina yao pana pointi 6. Chuo chenye nafasi chache hakiwaoni kuwa sawa.

Jambo la pili ni tofauti ya sifa za kuomba na sifa za kupata. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo unaoonyesha kila kozi ya kila chuo, masomo yanayotakiwa na kiwango cha chini cha ufaulu. Mwanafunzi akisoma kiwango kile na kukuta amekivuka, hufunga kitabu kwa furaha. Lakini kiwango kile kinakuruhusu tu kupiga hodi. Katika kozi inayogombewa, waombaji waliovuka kiwango hupangwa kuanzia mwenye alama za juu kushuka, na nafasi zikijaa wanaobaki hawapati, hata kama wote wana sifa. Kwa hiyo katika mwongozo ule msiishie kwenye sifa. Tazameni na safu inayoonyesha kozi inachukua wanafunzi wangapi. Namba ile ndiyo inayoamua mambo, na ndiyo tusiyoisoma.

Sasa, utajuaje umesimama wapi? Si kwa kujilinganisha na darasa lako. Uani kwako kila gunia la alizeti ni zito. Uzito wake wa kweli hujulikana likishapanda mizani. Matokeo ya NECTA ya shule zote yamewekwa kwenye intaneti. Ingieni, mfungue ya kidato cha sita ya mwaka uliopita, mtazame shule kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora Wavulana, na Kisimiri ya kule Arumeru. Hesabuni kwa mkono wenu, shule moja moja, ni wangapi wa PCB wenye pointi 3, wangapi wenye 4, wangapi wenye 5. Hao ndio mtakaogombea nao kiti cha Muhimbili. Tulipofanya zoezi hili na wanafunzi wetu, baadhi walinyamaza kwa muda mrefu. Hatukusudii kuwavunja moyo. Mwenye pointi 14 au 15 za TCU anashindana na yeyote nchini, na hakuna anayemuuliza ametoka Iguguno au Dar es Salaam. Mwenye 10 au 11 naye ana haki ya kujaribu, ila asiende na chaguo moja mkononi.

Kwenu nyinyi wanafunzi wa madrasa kuna jambo linalouma kidogo. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu wengi wenu mnalifaulu vizuri, alhamdulillah. Lakini kwa kozi za stashahada zilizo chini ya NACTVET, sharti la kawaida ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyokuwa ya dini. Hivyo anayehesabu dini ndani ya manne yake atajikuta ana matatu. Lisomeni somo hilo kwa ajili ya akhera yenu na kwa ajili ya jamii itakayowahitaji, lakini hesabu ya chuo ifanyeni bila ya kulitegemea.

Ama Madina, mizani yake ni nyingine kabisa. Chuo kile kilianzishwa mwaka 1961, na kinasomesha vijana kutoka nchi zaidi ya 100 kwa ufadhili. Masharti yake kwa shahada ya kwanza yanajulikana: umri usizidi miaka 25, cheti cha sekondari kisizidi miaka 5 tangu kupatikana, barua za watu wa elimu wanaokufahamu, na afya njema. Kitivo cha Qur'ani kinataka uwe umehifadhi Qur'ani nzima. Lakini hakuna pointi iliyotangazwa kwamba ukiifikia utachukuliwa. Hifdhi yako, Kiarabu chako na barua zako vinapimwa pamoja na vya maelfu ya wengine. Penye mizani usiyoiona, huwezi kukadiria, na jambo usiloweza kulikadiria usilifanye kuwa tegemeo lako la pekee. Kumbukeni pia kwamba kila mwaka mnaokaa nyumbani kusubiri, cheti kinazeeka na umri unakwenda. Tumeni maombi, kisha muendelee na masomo mengine kama vile hamkutuma.

Wazee wetu wa Mkalama hawapandi mahindi peke yake. Wanajua mvua ya huku, basi wanaweka mtama, uwele na alizeti, ili mvua ikikata mapema nyumba isilale njaa. Anayetaka udaktari na afanye hivyo hivyo. Aombe Muhimbili, na aombe Chuo Kikuu cha Dodoma kilicho jirani yetu, na Bugando au KCMC kama familia inaimudu ada au mkopo unatarajiwa. Chini ya hapo aweke famasia, uuguzi, maabara. Na stashahada ya utabibu isidharauliwe, kwa sababu aliyeifaulu vizuri anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari baadaye. Anayetaka elimu ya dini pamoja na fani nyingine ana Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichofunguliwa 2005, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu kilichoanza 1998, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichoanza Mbale mwaka 1988. Yule kijana wetu mwaka uliofuata aliomba vyuo vinne. Udaktari hakupata, akapata famasia, na sasa anasoma.

Wazazi watauliza gharama. Zamani, kuanzia 2010, maombi yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Ni mzigo, hatukatai. Lakini ada za maombi matatu ni ndogo kuliko mwaka mmoja wa kukaa bure.

Tusisahau majina. Shuleni mmeandikwa Abubakari, cheti cha kuzaliwa kinasema Abubakar, na madrasa tunawaita Abuu. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na jina likitofautiana hapo ndipo safari za mjini na hati za kiapo zinapoanza, siku za mwisho, na nauli hakuna. Walio kidato cha tatu walishughulikie sasa kabla ya kusajiliwa mtihani wa kidato cha nne.

Kuna anayesema kwamba kufanya hesabu zote hizi ni upungufu wa tawakkul. Habari ya yule bedui na ngamia wake mmeisoma tangu darasa la awali, na mnajua Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aanze na nini. Istikhara iswalini, na fomu zijazeni.

Kuanzia mwaka huu hatutajibu tena "utapata tu" barazani. Matokeo yakitoka, kila aliyemaliza aje ofisi ya madrasa baada ya swala ya Alasiri, Jumamosi au Jumapili, na karatasi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa na mzazi wake. Tutafungua mwongozo pamoja, tutaandika machaguo yasiyopungua manne, na hakuna fomu itakayotumwa kabla ya mzazi kuelewa kila chaguo limewekwa kwa sababu gani.